Sifa za Neno Korofi

Wafalme wana malenga wao, matajiri wana wapambe wao, na mawalii wana kasida zisomwazo kwa dufu na ubani. Lakini vitu vikorofi, ambavyo ndivyo vitushughulishavyo mchana na usiku kuliko wafalme na matajiri wote, huishi vikatoweka pasi na mtu wa kuvitungia hata ubeti mmoja. Dhuluma hii ni ya kale, na waliojaribu kuiondoa si wengi. Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam, ambaye elimu yake haikuwa na shaka, alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, na kitabu hicho kimedumu midomoni mwa watu kuliko vyote alivyoviandika kwa ajili ya hekima. Nami, kwa kadiri ya uwezo wangu, ambao si mkubwa, naomba ruhusa ya kusifu kitu kilicho kidogo kuliko upumbavu na chenye kero zaidi, nacho ni neno moja la Kiingereza lenye herufi nne, "mind," hasa wakati litakiwapo liondoke kwao likaingie katika Kijerumani.

Nyumbani kwake, yaani katika kinywa cha Mwingereza, neno hili haliishi kwa cheo kimoja. Ndilo akili ya mwenye kufikiri, ndilo nia ya mwenye kukusudia, ndilo kumbukumbu ya mwenye kukumbuka, ndilo rai ya mwenye kusema pasipo kuficha. Mtu akiingiwa na wazimu husemwa kuwa amelipoteza, akighairi shauri husemwa kuwa amelibadilisha, na kama amesumbuliwa na jambo usiku kucha husemwa kuwa jambo hilo lilikuwa juu yake, kana kwamba neno hili ni kitanda. Tena halikutosheka na kuwa jina tu. Hugeuka kitendo bila ya kubadili hata vazi, likawa kumtazamia mtu mtoto wake aendapo sokoni, likawa kuchukizwa na moshi wa tumbaku ya jirani, likawa kutahadhari na hatari: tangu mwaka 1968 abiria wa reli ipitayo chini ya ardhi mjini London wamekuwa wakisikia sauti ikiwaonya, kwa neno hilohilo, waiangalie nafasi iliyo baina ya behewa na jukwaa. Na baada ya kubeba mizigo yote hiyo, likitanguliwa na neno moja la kukanusha huwa ni "haidhuru," na yote yaliyokuwa mazito yakawa si kitu. Nyumba gani yenye mtumishi afanyaye kazi kama hizi kwa ujira wa herufi nne?

Sisi Waswahili hatuna haki ya kulicheka. Tukiambiwa tulifasiri tutatapatapa baina ya akili, nia, moyo, roho, nafsi, fikira na dhamiri, na mwishowe tutasema "usijali" ili tupate kulala. Walakini msiba wetu ni mwepesi ukipimwa na wa Mjerumani, kwa kuwa lugha ya Mjerumani ni lugha ya daftari: majina yake yote yamegawanywa katika jinsia tatu, ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike, na hakuna jina liruhusiwalo kupita bila ya kutaja yake. Neno letu halijapata kuulizwa swali hilo maishani mwake. Likichukuliwa na "Geist" litakuwa mwanamume. Likichukuliwa na "Seele" litakuwa mwanamke. Likichukuliwa na "Gemüt" halitakuwa huyu wala yule. Mfasiri aliyekwisha kuandika nusu ukurasa kwa jinsia moja, kisha akaona kwamba mwandishi wake alikusudia moyo wala si akili, hana budi kurudi juu akageuze kila kivumishi na kila kiwakilishi kilichotangulia. Yaani, ili aweze kufasiri vyema kwamba mtu fulani amebadili shauri lake, humpasa kwanza abadili la kwake.

Na hao wangojao kulipokea si watu wa kawaida. "Verstand" ni kadhi mkavu, akili ya kupambanua hoja, ambayo Mjerumani huipoteza arukwapo na wazimu. "Sinn" ni hisi, tena ni maana, tena ni jambo ambalo mtu analo moyoni kulitenda. Ndiye atumiwaye katika methali yao isemayo kuwa kiondokacho machoni huondoka na humo, ambayo sisi twasema asiyekuwepo na lake halipo. "Gedächtnis" hushika kumbukumbu, na hataki kusikia habari ya kazi nyingine yoyote. "Meinung" ni rai, naye huitwa pale tu mtu anapomwambia mwenzake ukweli usoni. "Gemüt" ni mahali pa ndani zikaapo huzuni na furaha, upole na uchungu, na Wajerumani wa zamani walijifaharisha sana kwamba mataifa mengine hayana kitu kama hicho, jambo ambalo mataifa mengine, kwa kukosa neno la kulijadili, hayakuweza kulikanusha. "Seele" ni roho itakayosimamishwa siku ya hukumu, na kwa siku za kabla ya hapo ndiyo ipelekwayo kwa tabibu wa maradhi ya nafsi.

Juu ya wote hao yupo sultani wao, "Geist." Huyu ni akili, ni fikra za zama nzima, ni Roho Mtakatifu wa makanisani, ni kizuka kitembeacho usiku katika nyumba tupu, na mwenye kuzidi kuchimba atakuta kwamba ni pia kileo kikali kilichokenekwa. Mfasiri ampokeaye mwanafalsafa wa Oxford azungumzaye kwa utulivu habari za akili, akaiita "Geist," hana yakini hata kidogo kama msomaji wake wa Hamburg ameona akili, au ameona jini, au ameona chupa.

Sisemi hayo kwa husuda. Wakubwa kuliko sisi walimhofu. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, wale wale wa ngano, walianza mwaka 1838 kutunga kamusi kubwa ya Kijerumani. Wilhelm alitwaa herufi D, akaimaliza, akafariki mwaka 1859. Jacob akafariki mwaka 1863 akiwa amefika katika neno "Frucht," ambalo maana yake ni tunda. Mwenyezi Mungu alimhurumia, maana herufi iliyofuata ndiyo yenye "Geist," na neno hilo likamwangukia Rudolf Hildebrand, ambaye maelezo yake yalijaza safu zaidi ya 100 za kamusi hiyo, hata baadaye yakachapishwa peke yake kuwa kitabu. Kamusi yenyewe haikutimia ila mwaka 1961, baada ya wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza kuwa wazee. Wadhanio kwamba kufasiri ni kufungua kamusi tu, basi na waifungue hiyo, walitafute neno hilo kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo ionekanapo adhama ya neno korofi, nayo ni kwamba humkalisha chini mwenye elimu. Maneno mema, yaani yale ya meza, mkate, farasi na mvua, hupita mbele ya mwanachuoni bila ya kumtoa jasho, naye hubaki na kibri chake kama alivyokuja. Martin Luther, katika risala yake ya mwaka 1530 juu ya kufasiri, alisimulia kwamba katika kitabu cha Ayubu yeye na Philipp Melanchthon na Aurogallus walifanya kazi siku nne, na hawakuweza kumaliza ila kwa taabu mistari mitatu. Yalikuwa ni maneno ya Kiebrania, si ya Kiingereza, lakini ukorofi hauna kabila. Na katika risala hiyohiyo ndipo alipousia kwamba atakaye kujua Kijerumani aende akamsikilize mama nyumbani mwake, na watoto vichochoroni, na mtu wa kawaida sokoni. Nauliza: kama maneno yote yangekuwa mepesi, ni siku gani mwalimu wa chuo cha Wittenberg angetega sikio kwa mama aliye jikoni, akarudi mezani kwake akaandika kama alivyofundishwa?

Goethe naye, katika tamthilia ya Faust aliyoitoa mwaka 1808, amemweka msomi wake usiku akijaribu kufasiri neno moja tu la Kiyunani lililo mwanzoni mwa Injili ya Yohana. Kwanza aliita neno, akaghairi. Kisha akamwita "Sinn," ambaye tumekwisha kujuana naye, akaghairi. Akaita nguvu, akaghairi. Mwisho akaita tendo, akaridhika. Wakati huo mbwa aliyemfuata kutoka matembezini anabweka karibu na jiko na kumwondolea utulivu, na mbwa huyo, kumbe, ndiye shetani. Wafafanuzi wameandika mengi ya kina juu ya mahali hapa. Mimi kwa upande wangu naona kwamba Goethe aliieleza tu hali ya kawaida ya chumba cha mfasiri baada ya saa sita za usiku.

Wapo watakaouliza faida ya mfukoni, nao nisiwanyime. Wafasiri wa vitabu huko Ujerumani aghalabu hulipwa kwa ukurasa wa kipimo, ambao ni mistari 30, kila mstari herufi 60 pamoja na nafasi zake, na ihesabiwayo ni tarjuma. "Mind" likiwa "Geist" humwongezea mfasiri herufi moja. Lakini likimjia katika pahali pa kughairi shauri, Kijerumani aghalabu hakilitaki jina lolote kati ya yale niliyoyataja, bali hutaka maneno manne kamili, na hapo mfasiri hupata karibu nusu mstari kwa neno moja ambalo mwandishi mwenyewe hakulitolea jasho. Ni kweli kwamba nusu mstari huo humgharimu asubuhi nzima. Lakini mtu anayepima kazi hii kwa saa amekwisha kukosea njia tangu alipouacha uvuvi.

Wala ukorofi huu haukubaki upande mmoja wa bahari. Mwaka 1807 Hegel alitoa kitabu chake kikuu, ambacho jina lake lamtaja "Geist"; mwaka 1910 J. B. Baillie alikifasiri kwa Kiingereza akaandika "mind". Mwaka 1977 ikatoka tarjuma ya A. V. Miller, ambayo jalada lake lataja roho badala ya akili. Katika Kijerumani haikubadilika hata nukta, lakini babu aliyekisoma kwa Kiingereza alisoma habari za akili, na mjukuu wake akasoma habari za roho, na kama walijadiliana sebuleni bila shaka kila mmoja alimwona mwenzake hakukisoma. Freud, tabibu wa Vienna, aliandika maisha yake yote juu ya "Seele". Tarjuma kubwa ya Kiingereza iliyosimamiwa na James Strachey, yenye juzuu 24, iliyotoka baina ya mwaka 1953 na 1974, iliigeuza "Seele" hiyo mara kwa mara kuwa "mind," hata katika miaka ya 1980 Bruno Bettelheim, mzaliwa wa Vienna naye, akaandika kitabu kizima cha kulalamika kwamba Waingereza wameitoa roho katika mwili wa Freud. Malalamiko yake yana haki. Hata hivyo nalitetea neno langu: mabwana wawili wasioelewana, "Geist" na "Seele," walibisha hodi katika nyumba moja, na neno hili likawakaribisha wote wawili, likawalaza kitanda kimoja. Ukarimu gani huo, katika nchi ambayo wageni hutakiwa waandike barua kwanza!

Kisa nikipendacho zaidi ni cha Gilbert Ryle, mwalimu wa Oxford, ambaye mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya dhana ya akili, na kusudi lake lilikuwa ni kuwaondolea watu itikadi ya kwamba ndani ya mwili wa mwanadamu mna kizuka kilichojificha kikiuendesha mwili kama nahodha wa mtambo. Hoja zake ni kali, na lugha yake ni nyepesi, na kwa kurasa zaidi ya 300 alikifukuza kizuka hicho chumba kwa chumba. Mwaka 1969 kitabu kikatoka kwa Kijerumani, kikiitwa Der Begriff des Geistes, kwa neno lilelile ambalo Wajerumani hulitumia kwa vizuka. Mfasiri hakukosea, hakuwa na neno jingine la heshima. Basi kizuka kikarudi kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, jina lake likiwa limepigwa chapa juu ya jalada.

Wapo waungwana wanaotaka kila neno liwe na maana moja na kila maana iwe na neno moja, zikikaana kama kawa na sahani yake, ili tarjuma iwe kazi ya karani, na hata ya mashine. Nawaheshimu, ingawa singependa kusafiri nao. Nawaomba watazame yaliyotokea mwaka 1768, ambapo Laurence Sterne, kasisi wa Kiingereza mwenye mzaha mwingi kuliko kanzu yake, alitoa kitabu cha safari ya Ufaransa na Italia, na katika kitabu hicho, ambacho kwa hakika hakimfikishi msomaji Italia, hakuna tukio lolote kubwa ila mtu kuguswa moyo na kila akutanacho njiani. Safari hiyo aliiita "sentimental." Neno hilo lilikuwa bado changa hata kwa Waingereza, likiyumbayumba baina ya rai, adili na hisia, na kila msomaji aliliegemeza upande aupendao. Mjini Hamburg alikuwako Johann Joachim Christoph Bode, mpiga muziki aliyegeuka mpiga chapa na mfasiri. Alikitaka kitabu hicho kwa Kijerumani, na alipofika katika jina lake tu akakwama, kwani Kijerumani hakikuwa na kivumishi cha kulingana nalo.

Bode akamwendea rafiki yake Lessing, naye Lessing akampa jawabu ambalo ningependa litundikwe katika chumba cha kila mfasiri. Alimwambia kwamba ikiwa Mwingereza alithubutu kutumia neno jipya, mfasiri wake naye ana haki hiyohiyo. Kwamba Wajerumani husema "mühsam" kwa safari yenye taabu nyingi, basi kwa nini wasiseme "empfindsam" kwa safari yenye hisia nyingi. Na kwamba yale ambayo wasomaji hawatayafahamu mwanzoni katika neno hilo, watazoea kuyafahamu polepole. Neno hilo lilikuwa halijulikani ila kwa wachache mno. Bode akaliandika juu ya kitabu mwaka uleule, na Wajerumani wakalipokea kwa machozi, kwa leso, kwa barua ndefu za urafiki na kwa matembezi ya peke yao penye mbalamwezi, hata wanahistoria wa fasihi wakaja wakaipa sehemu nzima ya karne ile jina litokanalo nalo. Kufikia mwaka 1778 Goethe, ambaye mwenyewe alikuwa amewaliza watu kwa habari za Werther, alikwisha kulichezea mchezo wa dhihaka katika jumba la Weimar. Neno lililokosekana mwaka 1768 lilizaliwa, likatawala, likachokwa na kuchekwa, yote hayo katika muda wa miaka kumi. Na asili yake ni kivumishi kimoja cha Kiingereza kilichokataa kuvuka bila ya kulipwa mahari.

Na mwenye kushuku bado, asiyeamini kwamba wepesi ndio udhalili wa neno, namwekea mbele kinyume chake. Mwaka 1895 Oscar Wilde alitoa komedi ambayo nguzo yake yote ni neno moja, kwa kuwa jina la kiume Ernest na sifa ya mtu asiye na mzaha hutamkwa sawa kwa Kiingereza, ingawa haviandikwi sawa. Wafasiri wa mataifa mbalimbali waliumwa na kichwa: Wafaransa walilazimika kumbatiza kijana yule upya wakamwita Constant, ili angaa jina lake lipate sifa ya uthabiti, na hila hiyo si mbaya hata kidogo. Wajerumani hawakutakiwa kufanya lolote. Ernst katika lugha yao ni jina la mwanamume, na Ernst hilohilo ni kutokuwa na mzaha, kwa matamshi yaleyale na kwa tahajia ileile, kiasi cha kwamba mtu angeweza kuapa kuwa Wilde alitunga kwa Kijerumani kisha akalazimika kulipunguza. Hapakuwa na usiku wa kukesha, wala Lessing wa kuendewa, wala mama wa kusikilizwa jikoni. Na kwa zawadi hiyo iliyoshuka bila ya jasho walifanya nini? Kwa miaka mingi, katika majumba mengi ya tamthilia ya Ujerumani, mchezo ule ulijulikana kwa jina la Bunbury, ambaye katika kisa chenyewe ni mgonjwa asiyepata kuzaliwa, aliyebuniwa na kijana mmoja ili apate udhuru wa kutokwenda kula kwa shangazi yake.